Sanduku Linalosema Asante

Kituoni, 4 Februari

Mwanangu Profesa,

Salamu zikufikie huko mjini kwenye lifti na viyoyozi. Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeamua kuishi maisha yake peke yake. Babako anagombana na fundi aliyemwezekea paa. Paa linavuja, na fundi anasema mwenye makosa ni mvua. Mjukuu wangu Kijiko anakula, analala, anakua. Lile jina limemganda kabisa, maana kijiko hakitoki mkononi hata wakati wa kuoga. Baba yake simuulizi. Nikikuuliza habari zake huwa unaniandikia hali ya hewa.

Naandika kwa sababu simu zako nimezichoka. Ukinipigia nasikia vidole vyako vinagonga kompyuta, na unanijibu "ehe, ehe" hata pale ninapokuuliza swali. Barua angalau utakaa nayo.

Sasa sikiliza. Dereva wa wizara yenu katuletea sanduku jeusi, spika yenye taa nyekundu inayokonyeza, pamoja na agizo. Kila kituo cha kulelea watoto wadogo kiiwashe tangu watoto wanapoletwa asubuhi mpaka mama zao wanapotoka kazini, ili "kuongeza idadi ya maneno ambayo mtoto huyasikia". Basi chumba changu, ambacho ukuta mmoja tu unakitenga na vyerehani vya kiwanda, sasa kina mwanamke ndani ya sanduku. "Tembo," anasema. Ananyamaza. "Daraja." Ananyamaza. "Asante." Profesa, anamshukuru nani? Kapewa nini? Mlingoti, msaidizi wangu, yule binti mrefu anayeinama kila mlangoni, anasema sauti ile ni ya mtu anayesoma majina ya waliofeli.

Wewe ndiye uliyesomea ubongo wa watoto mpaka ukakonda. Wewe ndiye uliyeniletea Kijiko hata kukaa hajui, ukaenda kuwaandikia wenzako namna ya kulea. Hebu niambie jambo hili si lako. Nikijua ni la mjinga mwingine nitapata usingizi.

Mlingoti anakusalimu, na goti pia.

Shangazi yako


Wizarani, 27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie Baba mvua haishtakiwi. Mimi nipo, kazi ni nyingi, na huku kuna joto. (Ndiyo, hiyo ni hali ya hewa.)

Sanduku ni letu, na agizo nililiandika mimi. Lakini nilichoandika sicho kilichokufikia. Niliandika hivi: mlezi amsemeshe mtoto, asubiri ajibu, kisha naye amjibu. Utafiti wote unasema hivyo. Miaka mitatu ya mwanzo ubongo unajengwa kwa kasi ambayo hautaipata tena, na unajengwa kwa kurushiana: mtoto anatupa sauti, au jicho, au kidole, mtu mzima anaidaka na kuirudisha. Nikalipeleka kwenye kamati. Mkurugenzi akavua miwani, akasema, "Asubiri? Mtoto wa miezi sita atamjibu nini?" Wakacheka wote. Huyu ni mtu ambaye akirudi nyumbani watoto wake humwita mama yao wakasema kuna mgeni. Kisha wakasema kusubiri hakupimiki lakini maneno yanahesabika, na muuza spika akawa yuko mlangoni tayari. Kufika kikao cha tatu mtu mzima alikuwa ameondolewa, limebaki sanduku.

Hata hivyo usinicheke sana. Kituo chako kimejaa watoto na walezi ni wawili, na mmojawapo ni wewe, ambaye humsemesha mtu ukiwa umempa kisogo. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nina swali moja. Kijiko anasema maneno gani? Kwa umri wake tunatarajia awe na machache: mama, maji, hata "hapana" peke yake. Niandikie yote, pamoja na yaliyopinda.

Akupendaye,
Profesa wako


Kituoni, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu ya nepi. Kiwanda kimeongeza zamu, nasi tumeongezewa watoto bila kuongezewa mikono. Babako amepanda juu ya paa mwenyewe, sasa linavuja mahali pawili.

Kamati yako nimeielewa. Watu wazima wamekaa mezani wakajiuliza mtoto atajibu nini, na hakuna aliyeinuka kwenda kumtazama mtoto. Kweli ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wewe ulikuwa umekaa wapi wakati wanacheka?

Umeniuliza maneno. Mtoto si kasuku wa hotelini, asomeshwe asemeshwe mbele ya wageni. Babako alikaa kimya mpaka majirani wakaanza kumhurumia mama yetu, na leo nani wa kumnyamazisha? Watoto wa ukoo wetu huchelewa, basi. Hilo halimo kwenye vitabu vyako kwa sababu waliovitunga hawakutujua.

Kijiko anaelewa kila kitu. Analala mgongo umegusa ukuta wa kiwandani. Vyerehani vikizimwa jioni, sisi bado tumeinamia ndoo, yeye ndiye wa kwanza kuamka. Anaweka kiganja ukutani, anakiacha hapo kidogo, halafu huyo, mbio mlangoni kuwasubiri mama za wenzake. Mwenye masikio ya namna hiyo anataka sanduku la nini?

Tena ana moyo. Lile dude asubuhi likiwashwa hupiga mlio wa kutoboa kichwa, watoto wote wanaangua kilio, Mlingoti anaziba masikio, mimi natukana. Kijiko hata kope hapepesi. Anagonga kijiko chake sakafuni kama vile hakuna kilichotokea. Huyo hatishwi na serikali. Katoka kwangu, si kwako.

Ni mimi, niliyempa mtu kisogo,
Shangazi


Wizarani, 19 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma garini, kati ya mkutano na mkutano, kwa hiyo nami nitakuwa mfupi. Nimeona mistari mingi ya matusi na sikuona neno hata moja la mtoto. Ukoo si jibu. Ukoo wetu pia una mtu aliyepanda kuziba paa likavuja pawili.

Jiandae. Mkurugenzi anakuja kuzindua sanduku, na kituo chako kimechaguliwa kuwa cha mfano kwa kuwa kiko karibu na barabara ya lami. Watakuja na mpiga picha. Vaa lile gauni la kijani, na ulimi wako uufunge kwa kamba.

Ombi jingine, na hili naomba kweli. Usimwambie mtu kwamba Kijiko ni wangu. Ofisini hawajui kama nina mtoto. Usiniulize kwa nini.

Profesa wako


Kituoni, 16 Mei

Mwanangu,

Nimevaa kijani, na ulimi nimeufunga. Sasa naufungua.

Walikuja na magari matano. Tuliambiwa tuwaoshe watoto tangu alfajiri, tukawaosha, wakachafuka, tukawaosha tena. Wageni walipofika hapakuwa na mtoto aliyekuwa akitaka kuoshwa wala kuonwa. Mkurugenzi wako aliingia kwa viatu mpaka juu ya mkeka wa kulalia, akasimama mahali ambapo dakika chache kabla kulikuwa na ajali ya nepi. Sikumwambia. Nawe uliniambia nifunge ulimi.

Akashika maikrofoni, akasema ubongo wa mtoto ni rasilimali. Alisema rasilimali mara nyingi sana, na kila mara watoto walimwangalia wakitegemea kuna kitu kitatolewa mfukoni. Halafu akawasha sanduku kwa mkono wake mwenyewe huku maikrofoni iko karibu. Mama yangu! Mlio uliotoka hapo sijawahi kuusikia. Wageni waliziba masikio, mmoja akakaa chini bila kupenda. Watoto walilia mpaka nyuso zikageuka rangi, na kupitia ukutani wanawake wa kiwandani wakaacha vyerehani wakaja mbio wakidhani chumba kinaungua.

Katikati ya kiyama hicho Kijiko alikuwa ameketi ametulia tuli, anaitazama tai ya Mkurugenzi. Basi bwana yule akamdaka. "Mmeona?" akapaza sauti. "Mmeona jinsi huyu alivyotulia? Huyu anasikiliza! Huyu ndiye mtoto tunayemtaka!" Mpiga picha akapiga na kupiga. Nilitamani kusema huyo ni mtoto wa nani, nikajiuma midomo mpaka nikaonja chumvi. Mlingoti akaninong'oneza, "Mama, mbona hakugeuka hata kidogo?" Nikamwambia aende akatafute nepi.

Wakaondoka. Mkeka nimeufua. Sanduku limebaki linashukuru watu.

Shangazi


Wizarani, 9 Juni

Shangazi,

Bango limetundikwa ofisini leo, kubwa, lipo mbele ya meza yangu. Chini wameandika: "Mtoto Anayesikiliza Ndiye Taifa la Kesho." Wenzangu wamesema katoto kazuri. Nami nikasema ndiyo, kazuri.

Nyuma yake watoto wote wana mikono masikioni na vinywa wazi. Yeye peke yake anatazama tai. Nimezitoa barua zako drooni nikazisoma upya, safari hii nikiwa nimekaa nazo. Kiganja ukutani. Kijiko sakafuni. Anahisi mtikisiko, Shangazi. Mlio hauogopi kwa sababu haumfikii.

Fanya hivi, usibishane. Subiri siku ambayo vyerehani vimezimwa. Mkalishe juu ya godoro, mbali na ukuta. Mlingoti acheze naye kwa mbele. Wewe simama nyuma asikuone, hata kivuli chako asikione, upige vifuniko viwili vya sufuria. Kisha niandikie kilichotokea, na usiniandikie kingine chochote.


Kituoni, 22 Juni

Mwanangu,

Nimefanya. Siku kadhaa zimepita kabla sijaweza kuandika.

Mlingoti alikaa mbele yake na kijiko. Mimi nikasimama nyuma na vifuniko vya sufuria kubwa. Nikapiga. Mlingoti aliruka ingawa alijua ninapiga. Paka wa mlinzi alitoka kupitia dirishani. Mtoto akamwona Mlingoti anavyoruka, akacheka. Alicheka sana, Profesa. Alidhani ni mchezo ambao Mlingoti ameubuni. Nyuma hakugeuka. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tumevamiwa.

Umesema nisiandike kingine. Nitaandika. Mimi na wewe ni mabingwa wawili, mmoja bingwa wa vitabu, mwingine bingwa wa ukoo. Tumetupiana maneno miezi yote hii, hodari kweli kweli, na wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Mtoto alikuwa hapo hapo katikati yetu anagonga sakafu. Nilikuwa nikimwita nimempa kisogo, na alipokuwa hageuki nikasema ana kiburi cha kwetu, nikafurahi.

Nimelia. Sitaki uniandikie chochote kuhusu kulia kwangu. Njoo umchukue umpeleke kwa daktari wa masikio, na uje mwenyewe, usitume dereva.

Shangazi


Mjini, 30 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Habari za nyumbani? Sisi tumeshazoeana. Wiki ya kwanza alinitazama kama mpangaji mwenzake. Sasa hulala ameshika sikio langu, ambalo kati ya masikio manne ya nyumba hii ndilo moja ya mawili yenye kazi.

Siku ile ya Julai nilipomfuata, ulipotukabidhi kifurushi mlangoni ukageuka upesi kuingia ndani, nilikuona. Nimekatazwa kuandika juu ya hilo, siandiki.

Daktari amesema sikio la kulia halisikii kitu. La kushoto linapata ngurumo na mlango unaobamizwa, na kifaa kitasaidia kiasi. Akaniuliza kwa nini hakupimwa alipozaliwa. Nikasema hakuna agizo linalotaka mtoto apimwe. Akauliza maagizo hayo huandikwa na nani. Nikainama nikajifanya natafuta leso mkobani.

Tumempata mwalimu wa lugha ya alama, mama ambaye naye hasikii. Nilimwandikia swali kwenye karatasi: tumechelewa? Akaandika kwamba ubongo hauchagui mlango. Lugha ikiingia kwa macho inajenga nyumba ile ile, ila haitakiwi kuendelea kukaa nje. Haya yote nilikuwa nayajua, Shangazi. Nimeyafanyia mtihani nikayafaulu.

Kamati ilikaa juzi kupitisha masanduku ya awamu ya pili. Nikasimama. Bango lilikuwa nyuma ya Mkurugenzi. Nikasema, "Yule mtoto hasikii. Hakusikia mlio wala hotuba. Najua kwa sababu ni mwanangu." Kisha Mkurugenzi akamgeukia mtu wa habari akamuuliza, "Siku ile hakuna picha nyingine tuliyopiga?"

Nikapendekeza mawili: kila mtoto apimwe masikio akiwa mchanga, na yale maneno yangu ya "asubiri ajibu" yarudishwe. Wameyapeleka kwenye kamati ndogo. Kamati ndogo ni mahali ambapo jambo hulelewa bila kusemeshwa. Kutia saini masanduku nilikataa, nao wamenihamishia chumba cha takwimu, karibu na choo. Hakuna anayenitafuta huko, kwa hiyo saa tisa niko nyumbani.

Profesa wako


Kituoni, 21 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Paa la babako sasa halivuji, kwa kuwa mvua imeacha. Anasema yeye ndiye ameshinda.

Chumba cha takwimu kinakufaa. Mkurugenzi wako mwambie mkeka wangu haujasahau viatu vyake.

Sanduku nilijaribu kulirudisha, dereva akakataa kulipokea kwa sababu halikuja na utaratibu wa kurudi. Tumelizima, tunaanikia nepi juu yake. Na sasa sisi tunafuata agizo lako lile la kwanza, lililochekwa. Namshika mtoto mmoja, namsemesha nikiwa namtazama, nasubiri. Mwanzo nilijiona mpumbavu. Kuna kimoja, hata jino hakina, kiliniacha nasubiri weee, halafu kikanijibu kwa maelezo marefu na mate mengi. Hao wa kamati wangekuja wakajibiwa hivyo. Mlingoti naye kila mtoto mpya akiletwa anampigia vifuniko kwa nyuma. Mama mmoja alitutukana. Mwingine kampeleka wake hospitali, na kweli alikuwa na tatizo sikioni. Kamati ndogo yetu ina watu wawili na sufuria, nayo imeshamaliza kazi.

Nina shida moja ndogo. Chumba kimejaa watoto lakini jioni vyerehani vikizimwa natazama ule ukuta. Nichoree kwenye karatasi: kwa mikono mtu anasemaje "bibi"? Mlingoti ananiambia nisubiri nifundishwe vizuri. Mimi sina muda wa kusubiri, nisije nikakutana na mjukuu wangu nikawa bubu mbele yake.

Shangazi


Mjini, 3 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Tuko salama. Kijiko sasa anasema maji, chakula, paka, na "hapana" ambayo anaisema kwa mikono miwili na mguu. Uliwahi kuniambia mtoto si kasuku. Kasuku angekuwa na adabu zaidi.

Alama ya "bibi" mwalimu alinionyesha, nikakuchorea, halafu karatasi nimeichana. Haitakusaidia, kwa sababu Kijiko ana yake, na hakufundishwa na mtu.

Tangu tufike hapa, kila jioni anaacha anachofanya, anakwenda kwenye ukuta wa sebule, anaweka kiganja. Nilidhani anacheza. Mara nyingine nilimwondoa ili ale. Juzi nikaamua kutii agizo langu mwenyewe. Nikakaa chini karibu naye, sikumshika, nikasubiri. Akakiacha kiganja pale muda mrefu. Kisha akakitoa ukutani, akanitazama, akautazama mlango, akanitazama tena.

Alikuwa ananiuliza uko wapi, Shangazi. Amekuwa akiniuliza tangu Julai.

Nikaweka kiganja changu ukutani pamoja na chake, lakini ukuta huu nyuma yake hakuna kiwanda. Njoo Jumamosi. Na ukifika usibishe hodi kwa sauti, ubamize mlango kwa nguvu zako zote.

Profesa wako